Maji ya kijani ziwani: kuchemsha hakuondoi sumu

SWALI: Likizo tulikwenda Mwanza kwa babu yao watoto. Siku tuliyopanda boti, maji ya ufukweni yalikuwa ya kijani yenye utando. Wanangu wawili waliyachezea. Jioni wakawashwa mwili mzima na mdogo akatapika. Tumesharudi nyumbani na vipele vimekauka. Je, kuna hatari iliyobaki? Na babu anauliza, maji hayo yakichemshwa yanafaa kunywa?
Mama wa watoto wawili, Mbagala, Temeke

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama.

Nianze na swali la babu: hapana, hayafai. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa hilo tuendelee kuchemsha. Lakini utando ule, ambao wengi huuita mwani, mara nyingi ni viumbe vidogo mno viitwavyo sianobakteria. Baadhi yake hutengeneza maikrosistini, sumu inayoshambulia ini na isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Tena maji yakichemka, chembe hupasuka na sumu iliyokuwa ndani humwagikia majini. Mwaka 2014, mwani wa Ziwa Erie ulipochafua maji ya mji wa Toledo, Marekani, wakazi walikatazwa kunywa maji ya bomba, hata yaliyochemshwa. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hii.

Katika Ziwa Victoria, viumbe hivi hunawiri kwa mbolea ya mashambani, maji taka na udongo unaosombwa na mvua. Jua likiwa kali na upepo ukitulia, huelea juu. Kisha upepo huvisukuma hadi ufukweni, palepale watoto wanapocheza na watu wanapoteka maji. Si kila utando una sumu, ila kwa macho huwezi kuutofautisha. Uogope wote.

Kuhusu wanao: kuwashwa na kutapika kwa namna hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku chache. Ukiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai au uchovu usioisha, wahi hospitali. Hata wakionekana wazima, usiishie hapo. Ziwa Victoria lina kichocho, nacho pia huweza kuanza kwa muwasho baada ya kugusa maji. Wiki 6 hadi 8 tangu siku ile, wapeleke kituo cha afya wapimwe choo na mkojo. Dawa ipo na inatibu. Mweleze daktari kwamba mlikuwa ziwani, kwani hapa Dar es Salaam huenda asifikirie kukuuliza.

Safari ijayo, boti ipite mbali na utando, na watoto wasichovye mikono. Aliyeguswa aoge mara moja kwa maji safi na sabuni. Samaki waliovuliwa hapo watolewe matumbo na maini, nyama ioshwe vizuri. Mbwa na mifugo wasinyweshwe humo.

Kanuni hizi zinafaa hata huku kwetu, kwenye dimbwi la machimbo Kinondoni au bwawa la samaki Temeke likigeuka kijani.

Babu mwambie ateke maji ya bomba au ya kisima kilicho mbali na ziwa, kisha hayo ndiyo ayachemshe.