Baba wa Kuchekwa, Mama wa Kuogopwa



Jioni baada ya chakula, familia nyingi hukaa pamoja kutazama televisheni, na vipindi vinavyopendwa sana ni vichekesho vya familia: baba, mama, watoto watatu au wanne na vituko vyao vya nyumbani. Si vibaya kucheka pamoja. Lakini vichekesho hivi pia ni walimu. Vinatuonyesha namna ya kulea, nasi huiga pasipo kujua.

Somo letu leo ni ulezi wa kudekeza kama unavyoonyeshwa katika vichekesho hivyo. Tukisema mtoto amedekezwa, kwa kawaida tunamfikiria mtoto peke yake. Tunasahau kwamba mzazi mmoja akilegea, mwenzake hubeba mzigo wa wawili. Kwa hiyo udekezaji ni jambo la ndoa kabla halijawa jambo la watoto.

1. Jinsi baba wa televisheni alivyobadilika

Vichekesho vya namna hii vilistawi sana Marekani. Mmoja wa michezo ya mwanzo, Father Knows Best, ulionyeshwa katika televisheni tangu 1954 hadi 1960. Jina lake maana yake ni kwamba baba ndiye ajuaye zaidi. Baba huyo, muuzaji wa bima, alisikilizwa na watu wote nyumbani.

Mwaka 1984 ulianza The Cosby Show, ulioendelea hadi 1992. Baba ni daktari, mama ni wakili, na watoto ni watano. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mvulana Theo analeta alama mbaya kutoka shuleni, kisha anamwomba baba yake ampende na kumkubali hivyo hivyo alivyo. Watazamaji wanampigia makofi. Baba anakataa. Anamwambia kwamba huo ni upuuzi na kwamba anamtaka ajitahidi kadiri ya uwezo wake, na papo hapo anamhakikishia kuwa anampenda. (Mashtaka yaliyomfikisha mwigizaji Bill Cosby mahakamani miaka ya baadaye ni habari nyingine. Yanatukumbusha tu kwamba baba wa mchezo ameandikwa katika karatasi.)

Tangu 1989 tumekuwa pia na The Simpsons, kikaragosi ambamo baba, Homer, ni mvivu na mpumbavu. Leo anamwachia mwanawe afanye atakalo, kesho anamkaba koo kwa hasira. Mama, Marge, ndiye anayebaki na akili ya nyumba nzima. Tangu hapo baba wa kuchekwa amekuwa jambo la kawaida katika vichekesho vingi.

2. Nyumba ya Phil na Claire

Tuchukue mfano mmoja tuutazame vizuri. Modern Family ulionyeshwa tangu 2009 hadi 2020, ukapata tuzo ya Emmy ya mchezo bora wa kuchekesha mara tano mfululizo. Katika mojawapo ya familia zake, baba anaitwa Phil na mama Claire. Phil anataka sana watoto wamwone kuwa rafiki na rika lao. Anaongea lugha yao na kucheza michezo yao.

Katika sehemu ya kwanza, kijana wao mdogo anampiga dada yake risasi ya bunduki ya kuchezea. Wazazi walikuwa wamekubaliana adhabu mapema. Claire anataka itekelezwe. Phil anatafuta njia ya kukwepa. Mwishowe wanafungua kalenda kutafuta saa ya kumwadhibu mtoto, kama watu wanaopanga mkutano! Tunacheka. Lakini je, mmeona ni nani aliyeachwa peke yake? Ni Claire. Yeye ndiye anayekumbusha, anayekataza na kugombeza. Phil anapendwa, Claire anaogopwa.

Waandishi wa mchezo huo waliliona jambo hilo wenyewe. Katika sehemu moja ya mwaka 2011, Claire amechoka kuwa askari wa nyumba, na yeye na Phil wanabadilishana kazi. Phil anapojaribu kuwa mkali anapita kiasi, anawatisha mabinti zake. Claire naye anapojaribu kuwafurahisha watoto, anaifanya furaha kuwa shurti. Hapa pana ukweli mkubwa. Mzazi ambaye hajazoea kukataza, siku akikataza hukataza kwa hasira. Na mzazi aliyeachiwa kazi ya kukataza peke yake husahau hata kucheka na wanawe.

3. Kwa nini televisheni haidhuriki

Mchezo wa kuchekesha huchukua nusu saa pamoja na matangazo. Kosa hutokea mwanzoni, na kabla ya mwisho mtoto amejuta, wazazi wamekumbatiana. Mwandishi ndiye anayemfanya mtoto ajute. Nyumbani kwenu hakuna mwandishi. Mtoto aliyeachiliwa leo ataendelea kesho pale alipoishia.

Mtaalamu wa saikolojia Diana Baumrind, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alichunguza watoto wa shule ya chekechea na wazazi wao katika miaka ya 1960. Alitofautisha aina tatu za wazazi: wanaotawala kwa amri tupu, wanaoachilia, na wenye msimamo pamoja na upendo, ambao huweka sheria, hueleza sababu na humsikiliza mtoto. Aliona kwamba watoto wa wazazi wanaoachilia ndio waliokuwa wadhaifu zaidi katika kujitawala na kujitegemea. Basi dawa ya udekezaji si fimbo wala kelele. Ukali mtupu nao una madhara yake.

Maandiko yanatupa mfano wa kuhani Eli katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Wanawe walikuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka na kufanya mabaya mengine. Eli aliwasema kwa maneno, lakini hakuwazuia. Ndilo kosa lake: maneno mengi bila tendo.

4. Udekezaji wa kwetu

Msiseme kwamba hayo ni ya Wamarekani. Kwetu yana sura yake. Baba anafanya kazi mjini, anarudi mwisho wa mwezi na mkate na soda. Watoto wanamkimbilia. Jambo ambalo mama amelikataza wiki tatu, baba analiruhusu kwa dakika moja, kwa kuwa hataki kuharibu siku zake mbili za furaha. Jumatatu anaondoka, na mama anaanza upya, sasa akiwa mbaya zaidi machoni pa watoto.

Pengine ni mama anayedekeza. Kijana ametumia vibaya pesa za shule, mama anazilipa kwa siri kutoka akiba ya kuku na mboga, na kusema, "Usimwambie baba yako." Siku hiyo mama na mwana wamekuwa na siri dhidi ya baba. Mwaka ukipita, mume na mke hawaaminiani tena katika jambo lolote la pesa. Mtoto naye amejua mlango wa kupitia.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Lakini mkunjaji mmoja akivuta huku na mwingine kule, samaki huvunjika.

5. Mambo ya kufanya

(a) Elewaneni faraghani kwanza. Mtoto akiomba jambo kubwa, jibu la kwanza liwe: "Nitazungumza na mama yako," au "na baba yako."

(b) Msipingane mbele ya watoto. Ukiona mwenzako amekosea, ngoja mkiwa wawili. Kama uamuzi ulikuwa mbaya, aliyeutoa aurekebishe mwenyewe.

(c) Wekeni sheria chache mnazoweza kuzitimiza. Adhabu ambayo hamtaitekeleza msiitamke.

(d) Gawaneni furaha na ukali. Baba anayeleta zawadi ndiye pia aulize habari za kazi za shule. Mama anayekataza apewe nafasi ya kucheza na wanawe.

(e) Mzazi anayekaa mbali azungumze kwa simu na mwenzake kabla ya kufika nyumbani, ajue yaliyokatazwa na kwa nini.

6. Maswali ya kujadiliana

Jibuni ninyi wawili watoto wakiwa wamelala.

— Kati yetu, nani anapendwa na nani anaogopwa? Ilianzaje?

— Ni jambo gani watoto huniomba mimi kwa sababu wanajua wewe utakataa?

— Kuna siri gani ninayoshika na mtoto ambayo wewe hujui?

Swali la tatu ni zito. Msilijibu kwa haraka, wala anayesikiliza asigombe. Wiki hii mkitazama kichekesho pamoja na watoto, chekeni. Kisha waulizeni: "Je, huyo baba alifanya vema? Na mama alisaidiwa na nani?" Majibu ya watoto yatawaambia mengi kuhusu nyumba yenu.