Lengelenge la Mguu: Somo Fupi kwa Wanaokwenda Field

Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Sisi wa Mara habari hiyo tumeisikia tangu shule ya msingi. Ila hakuna aliyetufundisha kuhusu kitu kinachomsubiri yeyote anayetembea mwendo mrefu: lengelenge.

Wanachuo wenzangu wa ualimu, somo hili linatuhusu. Ukipangiwa shule ya kata huko vijijini Butiama au Bunda, nauli ya bodaboda ya kila siku itamaliza bumu mapema. Utatembea, tena na viatu vya ofisini ambavyo mguu haujavizoea.

Linatokeaje?

Wengi tunadhani kiatu kinasugua ngozi kwa juu mpaka inavimba. Kusugua kwa juu huleta mchubuko. Lengelenge huanzia ndani. Ngozi ya juu inashikwa na soksi na kiatu, inabaki palepale, huku mfupa ukienda mbele na kurudi nyuma kwa kila hatua. Tabaka za katikati zinavutwa huku na huku mpaka zinaachana, na majimaji yanajaa kwenye uwazi huo. Mishipa midogo ya damu ikipasuka, linakuwa lengelenge la damu.

Jaribu sasa hivi: bonyeza kidole kwenye mgongo wa mkono wako mwingine, kisukume mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Unaona ngozi inavyovutika? Zidisha kwa maelfu ya hatua, ongeza uzito wa mwili. Jasho nalo linazidisha, maana ngozi yenye unyevu inanata kwenye soksi kuliko ngozi kavu. Waliopita JKT, pale Rwamkoma au kwingine, na buti lililolowa, wananielewa.

Tulitibu vipi?

Kama ni dogo na haliumi sana, usilitoboe. Ile ngozi ya juu ndiyo kifuniko kinachozuia vijidudu. Osha kwa maji na sabuni, kausha, funika kwa plasta au gozi. Majimaji yatanywea yenyewe huku ngozi mpya ikijengeka chini yake.

Kama ni kubwa na huwezi kukanyaga:

1. Nawa mikono, kisha osha mguu kwa sabuni.
2. Chukua sindano mpya kutoka duka la dawa, au isafishe kwa spiriti.
3. Toboa pembeni, matundu mawili au matatu, kisha kamua taratibu kwa gozi safi.
4. Usiichune ngozi ya juu. Ilaze palepale.
5. Paka mafuta ya mgando, funika, na ubadilishe kila siku au ikilowa.

Dawa ya mswaki, majivu na mafuta ya taa havina kazi hapo. Wala usipitishe uzi ndani ya lengelenge. Uzi huo ni barabara ya vijidudu.

Mwenye kisukari asitoboe kabisa, aende zahanati. Nawe nenda ukiona usaha, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo gusa: je, pana joto? Pamevimba? Mtoki umetokeza kwenye kinena?

Si mambo ya kutishana. Mwaka 1924 Calvin Coolidge Jr., mtoto wa Rais wa Marekani, alicheza tenisi bila soksi, akatoka lengelenge kwenye kidole cha mguu. Vijidudu vikaingia kwenye damu. Alifariki Julai 7, akiwa na miaka 16. Penisilini iligunduliwa miaka minne baadaye. Leo dawa tunazo, lakini zinamsaidia aliyewahi.

Kinga

Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umetanuka. Vya mtumba vimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine, kwa hiyo pitisha mkono ndani utafute mshono uliotokeza au kisigino kilicholika. Vaa viatu vipya hosteli kidogo kidogo kwa wiki nzima kabla ya field. Njiani vaa raba na soksi kavu, viatu vya kazi vibebe kwenye mfuko, hakuna aibu. Sehemu ikianza kuwaka moto, simama hapohapo ubandike plasta, usisubiri ufike.

Na wanafunzi wetu?

Mwaka jana nikiwa field, kijana mmoja wa kidato cha pili alichelewa siku tatu mfululizo. Alikuwa akivaa viatu vya kaka yake, bila soksi. Siku mbili za kwanza alipewa adhabu ya kufyeka. Siku ya tatu mwalimu wa zamu alimwambia avue kiatu: kisigino kilikuwa kimetunga usaha na mtoki umevimba. Alipelekwa zahanati, akapewa dawa, akapona, lakini alikosa vipindi vya wiki nzima.

Wengi wa wanafunzi tutakaowafundisha wanatembea mbali kuliko sisi. Ukishika zamu na mtoto akaja amechelewa huku anachechemea, mwangalie mguu kwanza, habari ya adhabu ije baadaye. Na kwenye begi la field, pamoja na andalio la somo, weka plasta, gozi na kipande cha sabuni.