Mgonjwa Asiyeweza Kusema Bado Ana la Kusema

Huenda umewahi kuingia katika chumba cha wagonjwa mahututi ukamkuta baba au shangazi yako kwenye mashine ya kupumulia, macho wazi, midomo ikichezacheza, na sauti haitoki. Jamaa wengi hudhani mgonjwa huyo hajitambui. Husimama kando ya kitanda wakajadili hata gharama za hospitali. Si vizuri, kwani huenda anasikia kila neno.

Sauti hupotea kwa sababu ya mpira. Sisi hutoa sauti pumzi inapozitetemesha nyuzi mbili zilizomo kooni. Mpira wa mashine hupitishwa katikati ya nyuzi hizo, na kipira kilichojazwa hewa huziba pembeni, hivyo pumzi haizigusi. Aliyetobolewa shingoni pia hupumua chini ya nyuzi hizo. Huyu akipata nafuu, wataalamu wanaweza kukitoa hewa kipira na kumwekea vali ya kumwezesha kusema. Jamaa wasijaribu jambo hilo kamwe: vali ikiwekwa kipira kingali kimejaa, mgonjwa hawezi kutoa pumzi.

Mtu asiyeeleweka huingiwa na hofu. Hufurukuta, na wengine hujaribu kuung'oa mpira. Matokeo yake ni kufungwa mikono au kuongezewa dawa ya usingizi, na kumbe alitaka tu kugeuzwa ubavu.

Kwanza mrudishie miwani yake na kifaa cha kusikilizia, kama hutumia. Simama anapoweza kuuona uso wako, umwite kwa jina. Kisha mkubaliane ishara ya ndiyo na ya la: kutikisa kichwa, kuinua kidole, au kufumba macho mara moja na mara mbili. Ukitumia kubana mkono, mwambie pia auachilie, kwa maana mkono unaweza kubana wenyewe bila mtu kukusudia.

Uliza jambo moja kwa wakati mmoja. "Unasikia baridi au joto?" hakujibiki kwa kichwa. Na jihadhari na swali la kukanusha. Ukiuliza, "Husikii maumivu?" naye akakubali kwa kichwa, kwa Kiswahili amesema ni kweli, hayasikii. Lakini aliyezoea Kiingereza huenda anamaanisha kwamba anayasikia. Dawa ya maumivu itatolewa au itanyimwa kwa jibu hilo! Uliza tu, "Unasikia maumivu?" kisha utaje sehemu za mwili moja moja, au umchoree umbo la mtu aonyeshe kwa kidole.

Mwenye nguvu za mkono apewe ubao, karatasi na kalamu nene, na kitanda kiinuliwe kidogo. Mwombe muuguzi, ikiwezekana, sindano ya maji isiwekwe mkono anaoandikia.

Asiyeweza kuandika anaweza kutumia herufi. Mhariri Mfaransa Jean-Dominique Bauby, aliyepooza kwa kiharusi mwaka wa 1995, alitunga kitabu kizima kwa kupepesa kope la jicho la kushoto huku msaidizi akimsomea herufi. Kilichapishwa mwaka wa 1997. Herufi zilipangwa kwa kadiri zinavyotumika katika Kifaransa, kwa hivyo usiige orodha yake. Kiswahili kina irabu tele, na A ndiyo inayojitokeza zaidi. Naona ni rahisi kuandika safu za silabi kama tulivyosoma shuleni, ba be bi bo bu. Taja safu kwanza, akikubali utaje silabi zake. Akiandika "ma" na "ji", usingoje zaidi. Uliza kama ni maji. Kumpa ni suala jingine, kwani mwenye mpira mdomoni hanywi; muuguzi anaweza kumlowesha midomo.

Mzee asiyejua kusoma achorewe picha, na aulizwe kwa lugha ya nyumbani. Hapa jamaa huwashinda madaktari.

Kuna siku majibu hayategemeki, kwa kuwa ugonjwa na dawa huvuruga akili. Jaribu maswali ambayo jibu lake unalijua: "Wewe ni Kamau?" "Wewe ni Otieno?" Akikubali yote mawili, ahirisha mambo mazito, hasa ya kutia sahihi, na umweleze muuguzi.

Ishara mliyokubaliana iandikeni kwenye karatasi na kuibandika juu ya kitanda, ili muuguzi wa zamu ya usiku naye aijue.