Kuacha Timu Si Kuacha Chuo

Simu za namna hii huingia usiku. Saa 6 mchana jimboni Utah, wakati wa baridi, ni saa 4 usiku hapa Kigongo, Mwanza. Kijana aliyekwenda Marekani kwa kipaji cha kikapu anampigia mama yake aliyekwisha kufunga genge. "Shikamoo mama. Nimechoka. Naacha timu."

Msimu wa kikapu wa vyuo vya Marekani huanza Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo simu hiyo huwa ya Desemba au Januari. Dakika za kucheza zimepungua, goti linauma, jua linazama saa 11 jioni. Mzazi hujibu kwa neno moja kati ya mawili: "Vumilia", au "Rudi". Naomba asiseme lolote kati ya hayo usiku huo. Aulize kwanza: "Mwanangu, unaacha timu au unaacha chuo?"

Nalishikilia swali hilo kwa sababu vijana wengi wanadhani jibu ni moja. Kikapu ndicho kilichowapeleka, basi wanaona kikapu kikiisha na safari imeisha. Sheria haiko hivyo. Viza ya mwanafunzi, ile iitwayo F-1, haikutolewa ili mtu acheze mpira. Ilitolewa ili asome. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kubeba masomo yasiyopungua krediti 12 kwa muhula. Akivua jezi leo lakini kesho akaingia darasani na krediti zake 12, na ada ikaendelea kulipwa, haki yake ya kuishi Marekani haijaguswa.

Hatari ni kwa yule anayekasirika, anafunga begi, anakata tiketi. Chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na ofisa wake ndiye anayeandika habari za mwanafunzi kwenye mfumo wa serikali uitwao SEVIS. Mwanafunzi akimweleza mapema kwamba anataka kusitisha masomo na akapata kibali, anapewa siku 15 za kuondoka nchini, na rekodi yake inabaki safi. Akiacha masomo bila kibali hana hata siku moja, na doa hilo atalikuta siku ya kuomba viza nyingine. Kwa hiyo mlango wa kwanza kubisha ni wa ofisi hiyo, kabla ya kumwambia kocha chochote. Kocha anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini makaratasi ya uhamiaji si kazi yake.

Sisi tuliovuka kutoka Kigongo kwenda Busisi kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 19, 2025 tunakumbuka foleni za kivuko. Mtu aligombana na mhudumu wa MV Misungwi katikati ya maji, akanuna, akageukia upande wa pili, lakini alishukia Busisi. Masomo nayo yana gati lake, nalo ni mwisho wa muhula. Kijana anaweza kuacha mazoezi Januari na bado akafanya mitihani ya Mei. Krediti alizozipata ni zake, atahama nazo au atarudi nazo nyumbani. Muhula ulioachwa nusu haumpi kitu, na mara nyingi unamwachia deni la ada.

Sasa fedha, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikubwa, ufadhili haufutwi katikati ya kipindi chake kwa sababu mchezaji ameumia au kiwango chake kimeshuka. Lakini mchezaji akijitoa mwenyewe kwa sababu zake binafsi, chuo kinaruhusiwa kuufuta. Tofauti ya hali hizo mbili inaweza kuamuliwa na sentensi moja aliyoiandika kwa hasira kwenye ujumbe wa simu: "Naacha." Basi asiandike. Asome mkataba wake wa ufadhili, aulize kwa maandishi ni nini kitalipwa hadi mwisho wa muhula, na chumba cha bweni na chakula vitakuwaje. Ufadhili ukipunguzwa au ukifutwa, ana haki ya kukata rufaa mbele ya kamati ya chuo, na chuo kinatakiwa kumjulisha haki hiyo kwa maandishi. Vyuo vilivyo chini ya vyama vingine, kama NAIA au NJCAA, vina kanuni zao, kwa hiyo jambo la kujua mapema ni chama ambacho chuo chake kimejiunga nacho.

Kama kinachomsumbua ni ugonjwa, na nauhesabu humo usiku usio na usingizi na huzuni isiyoondoka, aende kwa daktari wa chuo kabla ya kuamua. Kwa barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni, ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaweza kumruhusu apunguze masomo, hata asisome kabisa kwa muda, kwa jumla isiyozidi miezi 12 katika ngazi hiyo ya elimu, huku viza ikibaki halali. Wazazi wetu wanaona aibu kulitaja jambo hili. Lakini ruhusa hiyo imewekwa kwa ajili ya watu kama mtoto wao, na inatakiwa iombwe kabla ya kupunguza masomo.

Wapo wanaotaka kuondoka si kwa kuchoka bali kutafuta timu nyingine. Mfano wa karibu tunao. Atiki Ally Atiki, mzaliwa wa Mwanza, alisoma sekondari Kanada akacheza kikapu huko, akajiunga na Chuo Kikuu cha BYU mwaka 2021. Mwaka 2024, mwaka ambao kocha wake Mark Pope aliondoka kwenda Kentucky, naye alihamia Chuo Kikuu cha New Mexico. Alihama msimu ukiwa umekwisha. Nayaangalia sana majira hayo. Tangu 2024 mchezaji wa NCAA anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, mradi maendeleo yake ya masomo yawe mazuri, lakini dirisha la kuingiza jina kwenye orodha ya uhamisho hufunguliwa msimu ukiisha, na siku zake zimekuwa zikibadilishwa. Anayeondoka Januari hawezi kutegemea kuvaa jezi ya chuo kingine Februari. Atakaa tu. Na rekodi yake ya SEVIS lazima ihamishwe rasmi kwenda chuo kipya. Klabu ya kulipwa nayo ikimwita kutoka pembeni akiwa bado na F-1, asisaini kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji, kwani viza hiyo inabana sana kazi za nje ya chuo.

Kwa anayechezea chuo cha hapa nyumbani, Nyegezi au Dar es Salaam, mambo ni mepesi zaidi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, umefungwa kwenye masomo, kwa hiyo kuacha timu hakuugusi. Akitaka kupumzika masomo yenyewe, aandike barua ya kuahirisha na asubiri kibali cha chuo. Kutoweka tu humfanya ahesabike ameacha, na deni linabaki palepale.

Aliyeko Marekani akiamua kurudi kabisa, achukue nakala rasmi ya matokeo akiwa bado chuoni, alipe madeni madogo ya maktaba na bweni, na apate barua ya kibali cha kusitisha masomo. Akitaka kuchezea klabu hapa, aanzie Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, TBF, kuuliza kama anahitaji barua ya kuruhusiwa kutoka shirikisho la Marekani. Kisha aiandike mahali tarehe aliyoondoka Marekani. Akibadili nia ndani ya miezi 5, chuo kinaweza kuomba rekodi yake ya zamani ifunguliwe tena. Ikipita hapo ataanza upya kwa fomu mpya ya I-20 na ada ya SEVIS ya dola 350, na pengine kurudi ubalozini kwa viza nyingine, wakati masharti ya viza kwa Watanzania yamekuwa yakikazwa.