Mkutubi Haumi: Namna ya Kuuliza Maktabani, Malindi na Kilifi

Ingia maktaba ya umma saa nane mchana, iwe ni Malindi au Kilifi mjini, jua likiwa limekolea nje, na huenda ukakosa kiti. Vijana wameinamia madaftari yao wenyewe, wametandaza fotokopi za mitihani ya miaka iliyopita, chupa ya maji iko pembeni na simu imefichwa chini ya daftari. Waliosimama kwenye rafu hawazidi watatu. Pale kaunta ameketi mkutubi, mtu aliyeisomea kazi hii na anayejua kila kitabu kimelala wapi. Kwa saa nzima ataulizwa maswali mawili: choo kiko wapi, na pa kuchajia simu ni wapi.

Sina ugomvi na wanaojisomea. Nyumba nyingi za huku hazina meza, na zenye meza hazina utulivu. Ila aliyekuja na daftari lake akaondoka nalo ametumia kiti tu. Makala haya nimemwandikia anayetaka kile kilichoko nyuma ya kaunta.

Nilipokuwa kidato cha pili nilimwogopa mkutubi kuliko nilivyomwogopa naibu wa mwalimu mkuu. Nilizunguka rafu wiki mbili nikitafuta tamthilia moja ambayo kumbe ilikuwa imewekwa hatua mbili kutoka mlangoni, nyuma ya kiti chake. Vitabu vinavyogombaniwa, hasa vile teule vya fasihi, mara nyingi haviachwi kwenye rafu. Huwekwa kando, ukavisoma hapohapo kwa saa chache kisha ukavirudisha, ili na mwenzako apate. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama, sharti uulize.

Sasa, kuuliza kwenyewe. Wengi wetu huanza na swali pana kama bahari, kwa kuona haya kutaja shida yenyewe. Chukua mfano wa mzee aliyetoka shambani kwake upande wa Kaloleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kitabu cha kilimo."

"Kilimo cha nini, mzee?"

"Minazi."

"Unataka kupanda mipya, au iliyopo ina shida?"

"Iliyopo. Yazaa vizuri, lakini zaanguka zikiwa vidaka, hata hazijawa vitale."

Hapo ndipo mkutubi huinuka kitini. Swali limetoka kwenye kilimo likafika kwa kinachoangusha vidaka vya minazi, na mbele ya rafu hiyo ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani mikono mitupu na kurudi na kurasa kumi za kusoma. Kwa hivyo kabla hujatoka nyumbani jiulize: nataka kulifanyia nini jibu hili? Tayari najua nini? Nataka kusoma kwa Kiswahili au hata Kiingereza kitanifaa? Nalihitaji lini? Mwambie mkutubi yote manne kwa pumzi moja. Na kama kusoma kunakusumbua, kwa macho au kwa kukosa shule, mwambie hilo pia bila haya. Kenya iliuridhia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya breli au vya kusikilizwa kwa ajili ya wasioona bila kuvunja hakimiliki. Uliza kama tawi lako linaweza kukupatia.

Ile nambari iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu nayo inawatisha watu bure. Ni anwani tu, mtaa na nyumba. Mpango wenyewe ulitolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na maktaba zetu nyingi bado zinautumia. Nazi ziko 634.61, maembe 634.44, historia ya Kenya 967.62. Ishike kichwani nambari ya jambo unalolipenda, na ukienda Nairobi, Dar es Salaam au London utaliendea moja kwa moja kwenye maktaba inayofuata mpango huo. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Dewey aliwagawia Waingereza, Wajerumani, Wafaransa na majirani zao mafungu mapana, halafu dunia nzima iliyobaki akaibana mwishoni mwa mia nane, kama jamaa waliofika harusini wakakuta viti vimekwisha. Usikate tamaa ukiona rafu inakaribia mwisho na hujaiona riwaya yako. Songa mbele.

Swali ambalo mimi ningependa liulizwe zaidi ni hili: mna nini kuhusu huku kwetu? Vitabu vya historia ya mahali mara nyingi huwa nakala moja, haviazimwi, na havichanganywi na vingine. Mwanafunzi aliyetumwa kuandika juu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, hurudi na aya tatu alizozinakili kwenye simu, ilhali Cynthia Brantley alichapisha kitabu kizima juu ya Wagiriama na upinzani wao mwaka 1981. Esmond Bradley Martin aliandika historia ya mji wa Malindi, ikatoka mwaka 1973. James Kirkman, aliyeufukua mji wa kale wa Gede, alitoa chake mwaka 1954. Vyote vitatu ni vya Kiingereza, na hilo ni deni letu sisi tunaoandika Kiswahili. Tawi lako lisipokuwa navyo, muulize mkutubi ni nani aliye navyo. Makumbusho ya Fort Jesus kule Mombasa yana maktaba ya utafiti. Chuo Kikuu cha Pwani, hapa Kilifi, kina maktaba yake, lakini asiye mwanafunzi asifike tu mlangoni. Apige simu kwanza, kisha aende na kitambulisho na, ikiwezekana, barua ya mkutubi wake.

Vingine vimeshatoka kwenye hakimiliki na vinasomeka bure kwenye intaneti, kikiwamo kimoja kinachotuhusu sana. Mmisionari Johann Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai mwaka 1846. Rabai leo iko ndani ya Kaunti ya Kilifi, na kanisa lao la zamani ni makumbusho. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Hawakuwa na kamusi ya kuwasaidia pale Rabai, walikuwa na majirani. Kurasa mia kadhaa za kitabu kile zimetokana na watu kuulizwa hiki mwakiitaje, wakajibu. Majina yao hayamo kwenye jalada.

Upande wa waandishi, masharti hayabadiliki sana: jua unachouliza. Kaunti hii haina ukame wa waandishi. Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe, aliyewahi kutiwa kizuizini miaka ya themanini, alituachia Ukiwa mwaka 1975, Mafuta mwaka 1984 na Walenisi mwaka 1995. Jina la hicho cha mwisho lisome polepole: wale ni sisi. Alifariki mwaka 2004, kwa hivyo hatuwezi kumwalika, lakini watu kumi wenye nakala tatu za Walenisi wanaweza kuomba meza ya pembeni maktabani mara moja kwa mwezi wakamjadili. Rocha Chimerah, mwandishi wa Nyongo Mkalia Ini na riwaya ya kihistoria Siri Sirini yenye mapande matatu, amekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Pwani. Mtu akikuambia Wapwani hawaandiki, mpeleke 896.392.

Ukitaka kumleta mwandishi maktabani, zungumza na mkutubi kabla hujazungumza na mwandishi, maana ukumbi na viti ni vyake. Mwandikieni mwandishi miezi miwili mbele, na barua itaje nauli, chakula na malazi bila kuzungukazunguka. Makofi hayaliki. Chagueni Jumamosi asubuhi. Ijumaa adhuhuri kwa mji kama Malindi mtakaa na viti vitupu. Wageni waheshimiwa wapewe dakika tatu kwa jumla, nasema kwa jumla, kwa sababu nimehudhuria kikao ambapo mwandishi mwenyewe alisimama saa sita kasorobo na watoto wameshaanza kuulizia soda.

Halafu kisomeni kitabu. Swali la "ulianza lini kuandika" kila mwandishi analo jibu lake alilolihifadhi kama kanda. Fungua ukurasa. Muulize kwa nini mama yule hasemi neno tangu sura ya tatu, au neno hili la Kigiriama lilinusurika vipi kwa mhariri wa Nairobi. Muulize ni sura gani aliyoikata na bado inamuuma. Ulizeni pia habari ya mrabaha. Wanafunzi wengi hudhani kila aliye na kitabu ana gari, na ni vyema wasikie kutoka kwa mwenyewe kitabu kisichoteuliwa kwa shule kinavyouzwa.

Kuna msomaji mwingine namjua, naye ni yule mwenye muswada chini ya godoro. Kwako wewe mkutubi ana kazi nyingine. Nambari ya utambulisho wa kitabu, ile ISBN, nchini Kenya hutolewa na Huduma za Maktaba za Taifa. Nambari za vitabu vingi vya Kenya zimeanza na 978-9966, na hiyo ndiyo itakayomwezesha muuza vitabu wa Mombasa kuagiza chako bila kukichanganya na kingine. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki kunakupa ushahidi siku ya mvutano. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivyo Mafuta ya Mkangi ina mwenyewe hadi mwisho wa 2054, na anayepiga fotokopi kitabu kizima leo ajue anamwibia nani. Nakala za kutoa zawadi maktabani usizitupe kaunta na kuondoka. Uliza kama zinahitajika, maana rafu za maktaba zetu zimelemewa na misaada isiyosomwa, vitabu vya theluji na vya kodi za Marekani.

Na vitabu vipya hununuliwa na nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Zimetajwa katika kifungu kimoja na kamari, leseni za pombe na maonyesho ya video, sijui ni mkutubi gani aliyeulizwa. Maana yake kwako ni kwamba ukosefu wa vitabu si kosa la aliyekaa kaunta. Ni jambo la kumpelekea mwakilishi wadi, na lina wakati wake: mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Vikao vya umma vikiitwa kabla ya hapo, nenda na orodha. "Tunaomba vitabu" husahaulika kabla kikao hakijafungwa. Taja majina ya vitabu, mwandishi, mchapishaji, na ni nakala ngapi.

Orodha hiyohiyo mpe na mkutubi, kwa karatasi, yenye jina lako na nambari ya simu. Wiki mbili zikipita kimya, rudi. Msalimie, umuulize tena.