Je, kinga ya meno inakata pumzi?

Swali: Daktari, nafanya mazoezi ya ngumi hapa Muleba. Nikivaa kinga ya meno, pumzi inakata mapema. Inanipunguzia nguvu?

Jibu: Kijana wangu, kinga inayokaa vizuri haikuibii nguvu. Vipimo vya wanamichezo vimeonyesha kwamba kinga iliyotengenezwa kwa umbo la meno ya mchezaji haipunguzi kwa kiasi cha maana oksijeni ambayo mwili hutumia, hata kwenye mazoezi makali. Tatizo ni ile nene iliyolegea: unalazimika kuing'ata muda wote isidondoke, na hewa inapita kwa shida. Kama yako ni ya kulainishwa kwa maji moto, nunua inayokutosha, au mwone daktari wa meno akuchukulie vipimo. Ivae mazoezini pia, kinywa kizoee.

Usiiache kabisa! Haizuii ubongo kutikisika, lakini meno huyaokoa. Jino la ukubwani likingʼoka, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, litie kwenye maziwa, utibiwe ndani ya saa moja. Usingoje kufika Bukoba mjini, ni zaidi ya kilomita 50 kutoka Muleba; anzia hospitali iliyo karibu nawe.