SOMO LA MAKARANI: KOMPYUTA ILIYOLALA ISIAMKE

Somo la mwezi huu si la shambani bali ni la ofisini. Hata hivyo lamhusu kila mwenye mkarafuu, kwa kuwa kilo zake na malipo yake siku hizi zimo ndani ya kompyuta.

Mwaka jana baadhi yetu tulikwenda Tukuyu, wilaya ya Rungwe, kuwatazama wenzetu wakulima wa chai. Huko mvua ni nyingi, na jani bichi likishachumwa hapana budi lipimwe na kufikishwa kiwandani upesi. Katika chama kimoja tulimkuta karani ameshika tama. Jumamosi umeme ulikatika, na betri ilipokaribia kwisha kompyuta ikajilaza yenyewe. Jumatatu haikuwaka. Hesabu ya wiki tatu ilikuwamo ndani. Kijana mmoja fundi akasema, "Mzee, nipe hiyo diski niitie katika kompyuta yangu niisafishe, itafunguka tu." Tukamwomba asubiri. Hapa twaeleza kwa nini.

Diski ile ilikuwa imefungwa kwa fumbo, yaani kila kilichoandikwa kimegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka pasipo ufunguo. Hilo ni jambo jema. Mwizi akiichukua kompyuta hapati majina ya wanachama wala namba zao za simu. Lakini fumbo halimjui mwizi wala mwenyewe. Lajua ufunguo tu.

Tena kompyuta ile haikuzimwa, ililala. Kompyuta ikilala hivyo, yote iliyokuwa ikiyakumbuka huyaandika katika diski, ili ikiamka iendelee pale pale ilipoachia. Mfano wake ni karani wa mizani aliyekwenda kusali adhuhuri na kuacha daftari wazi, naye ana tarakimu kichwani. Karani wa pili akija kuandika katika daftari lile, wa kwanza atarudi na kuendelea kwa kumbukumbu yake ya zamani, ataandika juu ya maandishi ya mwenzake, na daftari zima litaharibika. Ndivyo inavyokuwa diski ya kompyuta iliyolala ikiandikwa na kompyuta nyingine.

Basi, njia ya salama ni hii:

Kwanza, acha. Usiiwashe na kuizima mara kumi. Ukiulizwa kama diski ifomatiwe au itengenezwe, kataa.

Pili, tafuta ufunguo kabla ya kugusa bisibisi. Kwa kufuli ya Windows iitwayo BitLocker, ufunguo wa dharura ni tarakimu 48, mafungu manane ya tarakimu sita sita. Neno la siri la kila siku huenda lisitoshe, maana mara nyingi kufuli hiyo imeshikamana na mashine yake, na diski ikihamishwa huutaka ufunguo wa dharura. Pasipo ufunguo hapana fundi awezaye kuifungua, wala aliyeitengeneza kompyuta.

Tatu, nakili diski nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya kuifungua. Iunganishe na kompyuta inayoendeshwa na Linux, na uizuie isiandikwe. Programu iitwayo ddrescue yafaa kwa kazi hii, khasa ikiwa diski imeanza kuchoka. Nakala iwekwe katika diski kubwa zaidi. Hakikisha mara mbili ni ipi ya asili na ipi ya kupokelea. Ukizibadili, umefuta ulichokuja kukiokoa.

Nne, weka diski ya asili kando, na uifungue nakala kwa kusoma tu. Tangu mwaka 2020 programu ya Linux iitwayo cryptsetup yaweza kufungua hata kufuli ya BitLocker. Kompyuta ikikuonya ya kuwa Windows imelala na diski isiandikwe, usiilazimishe. Kwa diski za Linux jihadhari zaidi: huweza kujirekebisha zikifunguliwa, hata ukisema kusoma tu. Ndiyo maana twafanya kazi juu ya nakala.

Tano, toa majalada, yafungue moja moja, na uyalinganishe na karatasi za mizani. Ukisharidhika, ndipo mashine ipelekwe kutengenezwa. Kumbuka ya kuwa majalada uliyoyatoa hayamo tena katika fumbo. Yafungie mahali pengine penye kufuli.

Kule Tukuyu, ufunguo ulipatikana katika kasha la fedha, umeandikwa kwa kalamu. Kazi ilichukua siku mbili. Kilo zote zilizokuwa zimehifadhiwa zilionekana. Ukurasa wa Jumamosi tu, ambao karani hakuuhifadhi, uliandikwa upya kutoka vikaratasi vya mizani, na wakulima wakalipwa kwa haki.

Yule kijana fundi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na pupa, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Lau angaliisafisha diski ile, nayo ingalikuwa tupu na safi, na mkulima angalibaki na neno lake tu.

Kwa hivyo twawaomba makatibu wa matawi wafanye mambo matatu kabla ya msimu. Ufunguo uandikwe katika karatasi mbili, moja kashani na moja kwa mweka hazina, wala usibandikwe kwenye kompyuta. Nakala ya hesabu ichukuliwe kila wiki na kuwekwa nyumba nyingine. Na jioni kompyuta izimwe kabisa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huweza kuacha sehemu ya kompyuta imelala. Ukishika kitufe cha Shift unapoizima, huzimika yote.

Mwanachama naye aulize katika mkutano wa tawi lake: ufunguo wetu uko wapi? Katibu asiyeweza kujibu, autafute siku ile ile.